Sajenti, fika eneo la tukio

Haya maafande, wengi wenu mmepanda cheo juzijuzi tu, mpaka jana mlikuwa mnapiga doria na haohao ambao leo mnawapangia zamu, na mshaambiwa usajenti ni makaratasi. Makaratasi yapo, sawa, lakini mi leo nataka tuongee habari ya kufika, maana raia anapona au anakufa kutegemea nani amefika pale mapema.

Chukueni kifo cha George Floyd, raia aliyefia mikononi mwa polisi Minneapolis, Marekani, Mei 25, 2020. Kila mtu anakumbuka goti la askari Derek Chauvin shingoni mwake, dakika 9 na sekunde 29. Sasa muiangalie kama wasimamizi. Chauvin alikuwa na miaka 19 kazini na alikuwa anafundisha askari wapya, na wawili kati ya waliokuwa naye ndo kwanza wameanza kazi, mmoja wao akauliza zaidi ya mara moja kama wamgeuze yule bwana alale ubavu, akakataliwa. Yani mafunzo alikuwa nayo kichwani kabisa, ila mbele yake kuna mkongwe na hayupo mwenye cheo wa kusema toa goti! Sajenti wao alishtuliwa na mtu wa chumba cha mawasiliano aliyekuwa anaona kwenye kamera, na alipofika Floyd alishachukuliwa na ambulensi. Mahakamani huyo sajenti alisema wangeweza kumwachia Floyd pale alipoacha kupambana nao.

Hii inaniuma sana, kwa sababu swali sahihi lilishaulizwa, na lilitoka kwa mdogo.

Kwa hiyo ukisikia kwenye redio sauti ya askari wako imebadilika, nenda, usisubiri kuitwa. Ukifika usijitose kwenye purukushani, simama mahali unapoona wote. Mtu kashafungwa pingu? Akalishwe, au alazwe ubavu, maana kifudifudi huku mikono iko nyuma na watu wako juu yake pumzi haipiti. Na kwenye paredi kabla ya zamu waambie wapya, wakongwe wakisikia, kwamba ukiona mwenzako anazidisha nguvu mzuie na mimi niko nyuma yako, na siku mmoja wao akimzuia mwenzake kweli usimwache peke yake kwenye maneno ya kambini, hapo ndo watakupima.

Halafu hii ya "sikuwepo" haisaidii. Kanuni za Umoja wa Mataifa za 1990 kuhusu matumizi ya nguvu na silaha zinataka mkubwa awajibishwe kama alijua, AU alipaswa kujua, askari wake wanatumia nguvu kinyume cha sheria halafu hakuchukua hatua.

Mahabusu nao ni wenu. Mlevi aliyelala selo usimchungulie tu dirishani ukaandika kitabuni yuko salama, mwamshe, ajibu, kule Uingereza wana utaratibu wa kumwamsha angalau kila nusu saa. Asipojibu hilo sio suala la polisi tena, ita daktari hapohapo.