Mihuri ya Kupambia Kadi kwa Ufutio na Ndala Kuukuu

Haya, karibuni. Leo tunachonga mihuri ya kupambia kadi, na vifaa vyote vimo ndani ya nyumba. Mezani nina ufutio, ndala iliyokatika kamba, vizibo vya chupa, sponji ya kuoshea vyombo, na kisu cha karatasi chenye wembe mpya. Nimesema mpya. Wembe butu haukati ufutio, unaurarua.

Ufutio uwe ule mweupe wa plastiki unaokunjika kidogo ukiubana. Ule wa waridi unaomeguka chembechembe uachie kazi yake ya kufuta makosa. Uso wa ule mweupe sugua kwanza kwa msasa laini, mara tatu nne tu, kutoa ule utelezi wa kiwandani. Usiposugua, wino wa maji utajikusanya matone matone badala ya kutandaa.

Mchoro: chora kwenye karatasi kwa penseli laini, 2B inatosha. Laza karatasi kifudifudi juu ya ufutio, sugua mgongo wake kwa ukucha. Umehamia, tena umegeuka, na ndivyo tunavyotaka, maana ukigonga utajigeuza tena. Herufi ziandike kama kawaida kwenye karatasi. Ukijitia ujanja ukazigeuza mwenyewe, utapata kadi ya kusomea kwenye kioo.

Sasa kuchonga. Hapa polepole. Mpini wa kisu uegemee upande wa mchoro, ncha ielekee nje. Ncha nje! Ukuta wa mstari ushuke kwa mteremko, juu mwembamba, chini mpana, kama mlima. Ukikata kwa kuingia chini ya mstari, mstari unabaki hauna msingi. Ukigonga unalala, chapa inatoka nene upande mmoja, na punde kipande kinakatika. Hakigundiki tena kikakaa vizuri, usijisumbue. Kina ni milimita 2, si zaidi ya 3. Kata mstari wa kwanza, kisha toka upande wa pili mikato ikutane chini, kamba nyembamba ya ufutio itoke yenyewe. Kwenye kona...

Subirini, kivuli cha mkono kimefunika kila kitu. Nasogeza taa. Sawa, mnaona sasa.

Kwenye kona, zungusha ufutio, kisu kibaki palepale. Vidole vya mkono mwingine vikae nyuma ya wembe, kamwe si mbele yake. Halafu, narudia kwa waliokuwa wanatazama kivuli: ncha nje.

Pembe nne za ufutio zikate zote, la sivyo zitachapa.

Ndala ni kwa maumbo makubwa: nyota, jani, duara. Mkasi unatosha. Tumia uso wa kiwandani uliobaki laini, kwa sababu uso ulioukata una vitundu na chapa inatoka na madoadoa. Binafsi madoadoa nayapenda kwenye mawingu. Ukitaka alama za wavu au za jani, weka karatasi ya kuokea juu ya sponji ya ndala, pitisha pasi ya moto wa wastani sekunde chache, toa karatasi, kandamiza upesi juu ya wavu na ushikilie mpaka ipoe. Jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa, na dirisha liwe wazi.

Mpini wa mhuri ni kizibo. Gundisha upande wake wa bapa. Wengi hupenda kutumia kasha la CD kwa kuwa unaona unapogonga. Kwa mihuri ya ndala ni zuri. Ufutio mweupe usiuache juu yake: una kilainishi kinachohamia kwenye plastiki ile ngumu, na baada ya muda vinayeyukiana na kushikana. Ndiyo maana ufutio huuzwa ukiwa na shati la karatasi.

Pedi ya wino: kata sponji unene wa sentimita 1, ifunike kwa kitambaa cha pamba, iweke kwenye mfuniko wa kopo. Changanya sehemu nne za rangi ya chakula ya maji na sehemu moja ya glisirini. Glisirini huzuia pedi isikauke, ila ukizidisha, chapa itabaki inanata na kuchafua vidole. Bila kitambaa, matundu ya sponji yanamwaga madimbwi. Pedi ihifadhi kifudifudi ndani ya mfuko uliofungwa, wino ubaki usoni mwa pedi.

Kugonga: chini ya kadi weka gazeti lililokunjwa. Gusa pedi kidogokidogo, bonyeza wima, inua wima. Usiyumbishe, mihuri ya ofisini huyumbishwa, hii itachapa kingo. Chapa ya kwanza ni ya majaribio: itaonyesha vinundu uliosahau kukata.

Safisha kwa kitambaa chenye maji na tone la sabuni. Dawa ya kutoa rangi ya kucha iacheni mbali, inaharibu ufutio na kasha pia. Mwisho, wino huu hufifia juani na hutiririka ukilowa. Kwa kadi ya kutuma posta, upake mhuri rangi ya akriliki kwa kipande cha sponji, na uuoshe papo hapo, kwa sababu akriliki ikikaukia kwenye mistari haitoki.