Wageni Wangapi Wanamtosha Mkongwe? Mhadhara Kuhusu Pengo la Nguvu Katika Magemu ya Mtandaoni

Asanteni sana. Wale mliosimama mlangoni, kuna viti huku mbele, msiogope, siulizi maswali ya mtihani.

Isipokuwa hili moja. Kuna gemu linaitwa RuneScape, la kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza, lililoanza mwaka 2001. Nazungumzia toleo lake la kale, Old School. Kila fani ya mhusika, awe anakata miti, anavua samaki au anapigana kwa upanga, inapanda kutoka levo 1 hadi levo 99. Je, nusu ya safari iko levo ya ngapi? Nasikia hamsini. Mwingine anasema sabini.

Ni 92. Levo 99 inadai pointi za uzoefu 13,034,431, na levo 92 inadai 6,517,253, ambazo ndizo nusu yake. Ukiwa levo 50 umekusanya pointi 101,333, yaani hujafika hata asilimia moja ya safari. Kwa makadirio, kila levo saba mzigo unajirudia maradufu. Ni kweli kwamba kadiri unavyopanda unapata njia za kukusanya pointi haraka zaidi, lakini hazitoshi kuufuta mlima huo.

Nimeanza hapa kwa sababu vijana wengi wakitaka kutengeneza gemu la aina hii hukaa wakachora mkunjo wa levo kwanza: pointi mia kwa levo ya pili, mia mbili kwa ya tatu, na kuendelea. Mkunjo huo unakuambia mtu atachukua muda gani kupanda. Haukuambii akishapanda atakuwa amewazidi wenzake kwa kiasi gani. Hayo ni mambo mawili, na mabishano mengi ya wachezaji nimeona yakianzia pale yanapochanganywa. RuneScape ina safari ndefu kupita kiasi, lakini pengo lake la nguvu linapimika: mgeni anaanza na damu 10, yaani kipimo cha uhai wake, na mkongwe aliyefika kileleni ana 99. Sasa tuone hiyo mara kumi ina maana gani vitani.

Pigeni hesabu pamoja nami, ni ya darasa la sita tu. Mgeni ana damu 100 na kila raundi anapiga pigo la 10. Mkongwe ana damu 200 na anapiga 20. Kamzidi mara mbili. Wakipambana, mkongwe anamwangusha mgeni kwa raundi tano, na ndani ya raundi hizo anapoteza damu 50. Maana yake wageni wakimjia mmoja mmoja, itabidi wafike wanne ndipo damu yake iishe. Mara mbili imeshakuwa mara nne, kwa sababu nguvu ya pigo na wingi wa damu vinazidishana.

Lakini wageni wale wale wakimvamia kwa pamoja? Wawili hawamwezi, anabaki na damu 50. Watatu wanamwangusha, tena kabla hajammaliza wa pili.

Sasa mpeni mkongwe mara kumi: damu 1,000, pigo la 100. Kwa mmoja mmoja wanahitajika mia moja. Kwa pamoja, kumi na wanne. Nipeni nafasi niirudie hiyo kwa sababu ndiyo iliyonileta hapa: aliyekuzidi mara kumi kwa kila kitu bado anaangushwa na wageni kumi na wanne wenye akili. Watu kumi na wanne wanapatikana. Ni darasa dogo la tuisheni.

Kwa hiyo mara kumi siyo balaa. Balaa linakuja pale gemu linapoongeza kipimo cha tatu, yaani uwezekano wa pigo kufika kabisa. World of Warcraft, gemu la kampuni ya Blizzard, ilipotoka Novemba 2004 ikiwa na kikomo cha levo 60, iliweka tofauti ya levo ndani ya fomula yenyewe. Ukimshambulia aliyekuzidi levo, mapigo yako yanakosa, na kadiri alivyokuzidi ndivyo yanavyokosa zaidi. Mnyama aliyekuzidi kuanzia levo kumi hakuonyeshwa hata namba yake, ulioneshwa fuvu tu, ujue mwenyewe. Hapo ile hesabu yetu inavunjika. Mgeni ambaye pigo lake halifiki, ukimzidisha na kumi na wanne au na arobaini, jibu halisogei.

Ndiyo maana nikikutana na gemu jipya siulizi mkongwe ana nguvu kiasi gani. Nauliza: wageni wangapi wanamtosha? Kama jibu lipo, hata likiwa mia, hapo kuna mlima na mlima hupandwa. Kama jibu halipo kabisa, hapo kuna ukuta.

RuneScape ina mahali panaitwa Wilderness, pori la kaskazini mwa ramani, ambapo wachezaji wanaruhusiwa kushambuliana. Sheria yake mimi naipenda kupita sheria nyingi nilizoziona. Pori lenyewe lina levo. Ukiwa levo 5 ya pori, na levo yako ya mapigano ni 60, anayeweza kukugusa ni mwenye 55 hadi 65 tu. Ukisonga ndani zaidi, hadi levo 30 ya pori, mwenye 90 anaruhusiwa kukuvamia. Kwa hiyo pengo la nguvu halijapangwa na ofisi ya Jagex peke yake. Wewe mwenyewe unalichagua kwa miguu yako. Na faida kubwa zaidi ziko huko ndani, ili tamaa ikusogeze.

Ila sheria yoyote inayopima nguvu kwa namba moja, wachezaji wataichimba mpaka waione sakafu yake. Levo ya mapigano ya RuneScape inahesabiwa kwa kuchanganya fani kadhaa: kupiga, nguvu, kujikinga, damu na nyinginezo. Basi wakazuka watu wanaoitwa *pure*. Hawa wanapandisha nguvu ya kupiga mpaka juu, na fani ya kujikinga wanaiacha levo 1 makusudi, miaka na miaka, wakikwepa hata misheni ambazo zawadi yake ingeipandisha kwa bahati mbaya. Kwenye karatasi ni mdogo. Ukikutana naye porini, pigo moja unabaki unajiuliza kimetokea nini.

World of Warcraft nayo ilipata ya kwake. Viwanja vya mapambano viligawiwa kwa matabaka ya levo, 10 hadi 19, 20 hadi 29 na kuendelea. Matajiri wenye mhusika wa levo 60 wakaanza kuwalea wadogo wa levo 19, wanawavisha kila kitu bora kinachoruhusiwa, kisha wanawaacha hapo hapo wasipande. Mgeni wa kweli aliyeingia na upanga wa kuokota alichinjwa mchana kutwa. Mwaka 2009 Blizzard wakafanya jambo ambalo naona lilikuwa la busara: mapambano yakaanza kutoa pointi za uzoefu, anayetaka kubaki levo ile ile akaruhusiwa kuzizima kwa kulipa sarafu za ndani ya gemu, na waliozizima wakapelekwa uwanja wao wapigane wao kwa wao. Wengi waliacha baada ya hapo. Walichokuwa wakikipenda hakikuwa levo 19, kilikuwa wageni.

Nipite haraka kwenye suala la namba kuvimba, maana mtalikuta popote. Kila toleo jipya la World of Warcraft lilipandisha kikomo, 70 mwaka 2007, 80 mwaka 2008, mpaka 120 mwaka 2018, na kila toleo lilitaka silaha zake zionekane bora kuliko za jana. Askari aliyekuwa na damu elfu chache mwaka 2004 alikuwa na laki kadhaa miaka kumi baadaye. Mwaka 2014 wakazibana namba zote, wakazibana tena 2018, na 2020 wakakunja levo zenyewe, aliyekuwa 120 akaamka akiwa 50. Kilichonivutia ni malalamiko: watu waliona wamepokonywa, ingawa uwiano kati yao na maadui ulikusudiwa kubaki vile vile.

Sasa kuna waliojaribu kuubomoa ukuta moja kwa moja. City of Heroes, gemu la mashujaa wenye nguvu za ajabu lililoanza Aprili 2004 na kufungwa Novemba 2012, lilikuwa na utaratibu wa msaidizi. Shujaa wa levo 40 akimchukua rafiki yake wa levo 8, yule rafiki anapandishwa kwa muda, anapigana kana kwamba ni levo 39. Hapati uwezo mpya, mbinu zake ni zile zile chache alizonazo, lakini pigo lake linafika. Guild Wars 2 ya mwaka 2012 ilienda kinyume: mkubwa ndiye anayeshushwa. Ukirudi eneo la wachanga unakuwa karibu mchanga. Na kikomo chake cha levo 80 hakijapandishwa tangu siku ya kwanza.

Nawaheshimu waliobuni hayo yote mawili, lakini la kushusha lina gharama. Mtu amepanda levo 80, anarudi kumtafuta yule jambazi aliyemtesa siku ya pili, anataka ampige kofi moja. Anakuta jambazi bado anasumbua. Atauliza alikuwa anapanda kwa ajili ya nini, na hakuna jibu zuri. Mkiweza, mpandisheni mdogo kabla ya kumshusha mkubwa.

Gemu ambalo kwangu limelijibu swali hili vizuri kuliko mengine ni EVE Online, gemu la meli za angani la kampuni ya CCP ya Reykjavík, Iceland, tangu Mei 2003. Ni gumu na linatisha kwa majedwali, sikatai. Lakini tazameni ujuzi wake ulivyopangwa. Kila ujuzi una hatua tano, na wachezaji wanajifunza kwa saa za ukutani, hata ukizima kompyuta. Kwa ujuzi wa daraja la kwanza, hatua ya kwanza inahitaji pointi 250. Ya pili jumla inafika 1,415. Ya tatu 8,000. Ya nne 45,255. Ya tano 256,000. Na mara nyingi kila hatua inakuongezea kitu kile kile, tuseme asilimia 5.

Mmeona? Hatua nne za kwanza zinakupa asilimia 20 kwa pointi 45,255. Hatua ya mwisho inadai zaidi ya 210,000 ili ikupe asilimia 5 za mwisho. Mkongwe wa miaka kumi na mtu wa miezi michache, wakiwa ndani ya meli ndogo ya aina moja, wanatofautiana kidogo sana. Miaka imempa mkongwe upana: anaweza kuendesha meli za kila aina, mgeni anaweza mbili tatu.

Halafu kuna kazi. Vitani kule, meli kubwa ikiona hatari inaruka inakimbilia mbali. Lazima mtu aizuie. Kifaa cha kuzuia kinabebwa hata na meli ndogo ya bei rahisi, na ujuzi wake mgeni anaupata mapema mno. Basi mgeni anakimbilia manowari, anaing'ang'ania, wakubwa wanafika wanaimaliza. Ni kama siku ya kuchinja, mtoto anayeshika mguu wa mbuzi: kisu hana, lakini akiachia hakuna nyama. Kundi la Goonswarm lilijijengea jina miaka ya mwanzo kwa kumimina wageni wengi ndani ya meli ndogo dhidi ya wakongwe waliojiona hawagusiki.

Fedha ikaja nayo. Februari 2016 CCP waliruhusu pointi za ujuzi zitolewe kwa mhusika mmoja, zifungwe, ziuzwe sokoni, zichomwe kwa mwingine. Kelele zilikuwa nyingi, na zilikuwa na haki. Lakini ndani yake waliweka kitu cha kuigwa. Pakiti ile kubwa ya pointi 500,000, akiitumia mwenye chini ya milioni 5 anapata zote. Mwenye milioni 5 hadi 50 anapata 400,000. Akishapita milioni 80 anaambulia 150,000. Pakiti ni ile ile kwa bei ile ile sokoni, na mkongwe anapata chini ya theluthi. Linganisheni na Diablo Immortal ya mwaka 2022, ambapo vito vya daraja la juu havina kizuizi cha namna hiyo na mwenye mfuko mnene anazidi kuchana mbuga. Sitaki kusema zaidi, tuko na watoto humu.

Ndiyo, dada, nimeuona mkono. Anauliza: haya yote ni ya magemu yenye watu maelfu, yeye akiwa na seva moja yenye watu mia mbili afanye nini?

Swali zuri, na jibu ni kwamba matabaka ya levo usiyaguse. Watu mia mbili ukiwagawa matabaka sita, usiku wa Jumanne kila chumba kina watu watatu. Una njia mbili. Ya kwanza ni ya kale kabisa. MUD, gemu la maandishi matupu alilolianzisha Roy Trubshaw Chuo Kikuu cha Essex mwaka 1978 na Richard Bartle akaliendeleza, lilimgeuza aliyefika kileleni kuwa mchawi mwenye madaraka ya kuliendesha gemu lenyewe. Anatoka kwenye mashindano, anakuwa mlezi. Kwa seva ya mia mbili hiyo inawezekana kabisa, ila wachague kwa makini, mchawi mwenye kinyongo atakufukuzia watu.

Ya pili ni misimu. Path of Exile, kutoka New Zealand, kila miezi michache inafungua ligi mpya, wote wanaanza sifuri, mkongwe na mgeni ufukweni pamoja wakiwa na silaha duni ya kuanzia. Ligi ikiisha, wahusika hawafutwi, wanahamishiwa ulimwengu wa kudumu. Usiwafute, dada. Hata kama hakuna anayewafungua tena, mtu akijua mhusika wake yupo mahali fulani, msimu ujao anarudi. Na mia mbili wakianza siku moja, wiki ya kwanza seva yako inajaa kila kona. Anza msimu Ijumaa jioni, baada ya watu kutoka kazini, na uhakikishe umeme wako una akiba.

Mwingine? Karibu, kaka wa fulana nyekundu.