Samaki wa mia mbili

Haya jamani, asanteni kwa kuja, najua mvua imewasumbua na taksi leo zilikuwa shida. Kabla sijaanza naomba mtu yeyote asitie mkono mfukoni. Nani atanambia kwenye sarafu yetu ya Uganda ya shilingi mia mbili kuna mnyama gani? Nasikia ng'ombe, hapana, ng'ombe yuko kwenye mia. Korongo? Huyo wa mia tano. Banange, hizo hela zimetoka tangu 1998 na kila asubuhi mnanunulia chapati! Haya toeni muone. Samaki. Mzee pale nyuma alisema samaki, mpigieni makofi.

Mi siwacheki maana niliumbuka hivohivo. Nafundisha kuchora miaka mingi sasa, siku moja darasani nikachora ngege, yaani sato, ubaoni, sekunde kumi tu, mkia, jicho, magamba, kwisha. Kijana mmoja, mtoto wa mvuvi, akasema mwalimu samahani, huyo sio ngege, yaani hata sijui ni nani huyo. Darasa zima likaanguka kicheko. Jioni nikapita sokoni nikanunua ngege na mputa mdogo, yaani sangara, nikawalaza kwenye sinia na penseli mkononi, nikakaa nao mpaka mama watoto akaniuliza leo tunakula ama tunazika.

Sasa sikilizeni. Samaki ana mstari ubavuni, ndo anaosikilizia maji yakitikisika. Wa mputa unaanzia nyuma ya kichwa unaenda moja kwa moja mpaka ndani ya mkia. Wa ngege unakatika njiani! Unakatika, afu kipande kingine kinaanza chini kidogo ndo kinamalizia safari. Na pua, samaki wengi wana vitundu viwili kila upande, ngege ana kimoja tu. Nimekula ngege tangu sina meno na sikuwahi kuona, ila penseli ilipofika pale ubavuni ikabidi niangalie mstari unaelekea wapi, ningebahatisha ningeumbuka tena.

Huyo wa mia mbili ni ukoo mmoja na ngege, na nkejje, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, pia wamo humo. Wana taya zingine kooni za kutafunia, na wengi wao mama anabeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe. Mputa aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 60, akawala nkejje vibaya mno, aina nyingi zikaisha na zingine hata jina la kitaalamu hazijapata. Mtu angezichora saa ngapi?

Na kalooli je, yule ndege marabou? Wale wakubwa wa pale kwenye takataka, mnawakimbia, najua, hata mi nawakimbia wakiwa juu ya mti. Niliwaambia wanafunzi wachore bila kuangalia, wote wakachora miguu myeupe. Tukaenda jalalani saa saba mchana, jua kali, harufu msiniulize, tukakaa tu tunaangalia, na binti mmoja ndo akapiga kelele: mwalimu anajinyea miguuni! Kweli bana. Ule weupe ni kinyesi, ngozi yenyewe ni nyeusinyeusi, anajimwagia makusudi, ule umajimaji ukikauka damu ya miguuni inapoa. Tangu siku hiyo yule binti anachora kalooli kuliko mimi.

Sasa, mmegawiwa bogoya, hizi ndizi mbivu, kila mtu moja. Wewe kaka wa shati la bluu naona umeshakula, omba nusu kwa jirani. Wengine menyeni yote, msiume. Weka kidole pale kwenye ncha, katikati kabisa, sukuma taratibu, taratibu mama, usiiponde. Imepasuka? Vipande vingapi? Hesabu tena. Mwenye viwili asukume kile kinene. Eeh, vitatu, kwa kila mtu vitatu, kwa sababu ua lake lilikuwa na vyumba vitatu vya mbegu, na vile vidoti vyeusi mnavyoviona hapo katikati ndo mbegu zilizoshindwa kukua. Penseli ziko kwenye boksi hapa mbele. Ukimaliza kuchora, kula.