Saini yako inafika Namanga, halafu?

Mbukwenyi! Haya, walioitikia salamu hiyo ya Kigogo ni wenyeji wa hapa Dodoma, nyie mliokuja na treni ya asubuhi kutoka Dar mtazoea tu. Nimepewa dakika 40 ila nasikia harufu ya chapati huko nyuma kwa hiyo nitajitahidi nisiwacheleweshe.

Mada ni saini za kidijitali kwenye mikataba inayovuka mpaka, ila naanza na muhuri. Jana jioni nimepita kwa kijana mmoja anayechonga mihuri hapa mjini, nikamwambia nataka muhuri wa kampuni. Hakuniuliza cheti cha usajili wala kitambulisho, kaniuliza maswali mawili tu: wa duara au wa pembe nne, na wino wa bluu au mwekundu? Nikamwambia nakutania kaka, nikaondoka. Ila ndo muhuri huo huo ambao ukikosekana kwenye karatasi kuna ofisi watakurudisha nyumbani hata kama umekuja wewe mwenyewe na sura yako.

Sasa niwape kisa changu, maana mhadhara bila mtu kujianika hauna ladha. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nawasaidia watu wa kinu cha alizeti, sitataja wapi, tukapata mteja wa mashudu nje ya nchi, upande wa kaskazini. Mkataba ukaja kwa emeili, kurasa 3. Tukaprinti, bosi akasaini ukurasa wa mwisho, tukagonga muhuri, tukapiga picha kwa simu, tukatuma WhatsApp. Lori likapakiwa, likashika njia ya Kondoa, Babati, Arusha, mpaka Namanga. Mzigo ukafika, bei ya mashudu kule ikawa imeshuka, na jamaa akaleta mkataba wake. Ukurasa wa 3 ni ule ule, saini ya bosi ile ile, muhuri ule ule. Ukurasa wa 2 wenye bei ndo haukuwa ule wetu!

Tuna karatasi mbili, zote zimesainiwa, zinasema bei mbili. Nani mwongo? Sisi tulijua ni nani ila kujua na kuonyesha ni vitu viwili tofauti, na dereva yuko huko analala chini ya lori anapiga simu kila saa anaomba hela ya kula. Tukakubali bei ya katikati. Mpaka leo inaniuma.

Mkinielewa hapo mmeelewa nusu ya mada. Saini ya wino inakwambia huyu mtu alishika kalamu, haisemi chochote kuhusu yale maneno yaliyo juu yake. Saini ya kidijitali ile ya kweli, simaanishi picha ya saini uliyoibandika kwenye Word maana hiyo hata mwanangu wa darasa la tano anabandika, ile ya kweli inafunga waraka mzima. Ni kama gunia la mahindi pale Kibaigwa likishashonwa, ukitaka kuchota hata kilo moja lazima uguse uzi, na anayenunua anaona uzi umeguswa. Kompyuta inachukua faili lote inalipigia hesabu, inapata namba moja ndefu ya waraka huo tu, halafu ile namba inafungwa kwa ufunguo wa siri ulio nao wewe peke yako. Mwenzako ana ufunguo wako mwingine, ule wa wazi ambao mtu yeyote anaweza kuwa nao, anafungua, anapiga hesabu yake upya, analinganisha. Ukibadilisha koma moja kwenye ukurasa wa 2, namba hazilingani. Hesabu hizi si za juzi, RSA, mfumo mmoja maarufu wa hizo funguo mbili, ulitolewa mwaka 1977.

Mtu ataniuliza, je sheria yetu inaikubali? Inaikubali, na tangu zamani tu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, namba 13 ya mwaka 2015, someni kifungu cha 6 na cha 7. Inasema saini ya kielektroniki iliyo salama ni ile iliyo ya kwako peke yako, inayoweza kukutambulisha, iliyowekwa kwa njia iliyo chini ya udhibiti wako wewe tu, na iliyounganishwa na waraka kiasi kwamba ukiguswa itajulikana. Kile kile nilichosema cha gunia. Na kifungu cha 18 kinamwambia hakimu asikatae ushahidi kwa sababu tu ni wa kielektroniki, aangalie ulitengenezwaje, ukatunzwaje, na aliyeutuma alitambulikaje.

Kwa hiyo anayewaambia Tanzania hakuna sheria, mwambieni akasome. Kenya nao wanayo ndani ya sheria yao ya habari na mawasiliano, Uganda wana sheria nzima ya saini za kielektroniki tangu 2011. Shida iko kwingine kabisa.

Shida ni mshenga. Nyie wote mmeoa na kuolewa humu. Unapeleka posa ugenini, wale wazee hawakujui, wanachokiangalia kwanza ni aliyekuja kukusemea. Wakimjua mshenga, mambo yanaenda, wasipomjua hata uje na ng'ombe 30 wataanza kuulizana huyu katoka wapi. Kwenye saini za kidijitali mshenga ni yule anayekupa cheti, anayesema huu ufunguo ni wa Mama fulani wa kampuni fulani, nimemuona, nimekagua kitambulisho chake. Ukisaini hapa Dodoma kwa cheti cha mshenga wa hapa, mnunuzi wa Nairobi au wa Hamburg anaona saini imekubali, gunia halijaguswa, lakini anajiuliza huyu mshenga namjuaje mimi? Hapo ndo anakwambia dada, printi tu, saini, gonga muhuri, tuma kwa kuria. Tunarudi kwa yule kijana wa wino wa bluu.

Wazungu wa Umoja wa Ulaya walikwama hapo hapo miaka mingi. Mwaka 2014 wakapitisha kanuni wanaiita eIDAS, ikaanza kufanya kazi kwenye saini Julai 2016. Kila nchi inachapisha orodha ya washenga wake waliokaguliwa, orodha ya wazi kabisa ambayo kompyuta inaisoma yenyewe, na saini ya daraja la juu kabisa iliyotoka nchi moja lazima ikubaliwe kwenye nchi nyingine zote za umoja, kwa nguvu ile ile ya saini ya mkono. Ukipokea faili, programu inaangalia kwenye orodha, mshenga yumo au hayumo, basi. Hata kabla ya hapo, Desemba 2013, mawaziri wakuu wa Estonia na Finland walisaini makubaliano kati ya nchi zao kidijitali, kila mtu yuko kwake.

Na msidhani wenzetu hawajikwai. 2017 hao hao Estonia waligundua kasoro kwenye chipu za vitambulisho vyao, ikabidi wasimamishe vyeti vya kadi zaidi ya laki 7. Ila walikuwa na njia ya kusimamisha na kutoa vipya. Muhuri wa mpira ukiibiwa unausimamishaje?

Huku kwetu Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikubali mfumo wa sheria za mtandao mwaka 2010 na saini zilikuwemo, na mwaka 2024 Umoja wa Afrika ukapitisha itifaki ya biashara ya kidijitali chini ya eneo huru la biashara la Afrika. Karatasi tunazo, tunachokosa ni ile orodha. Mimi kwa maoni yangu tusisubiri nchi 54 zikubaliane, Tanzania na Kenya wakianza kutambuliana washenga, hao wawili tu, nusu ya watu waliokaa humu leo wangelala vizuri zaidi.

Wakati mnasubiri, fanyeni hivi. Kwenye mkataba wenyewe wekeni kipengele kwamba tumekubaliana kusaini kielektroniki, kwa programu hii, na ugomvi utaamuliwa kwa sheria ya nchi fulani. Mkataba uwe faili moja, msigawegawe kurasa. Na jamani, faili lililosainiwa kidijitali ukiliprinti saini imekufa, kilichobaki ni picha! Kuna ofisi moja nilipeleka faili safi kabisa, wakaniambia kaprinti kwanza, nikaprinti, wakagonga muhuri juu yake wakaniambia sasa ndo imekuwa halali. Nilicheka mpaka nje. Tunzeni faili lenyewe pamoja na emeili zake zote. Na mambo ya ardhi au wosia msijaribu kielektroniki bila kumuona wakili, hayo yana masharti yake.

Naona mkono. Ndiyo mama.

Anauliza, namba ya siri ya simu yake mume wake anaijua, je akisaini mkataba kwa simu hiyo saini ni ya nani? (kicheko) Msicheke, ni swali zuri kuliko mada yangu yote. Nimesema kifungu cha 7, njia iwe chini ya udhibiti wako wewe tu. Mkiwa wawili mnaoijua namba, mnunuzi wako akitaka kuruka mkataba ana pa kuanzia, na wewe pia siku ukisema sikusaini mimi, nani atakuamini? Badilisha namba mama. Kama atauliza kwa nini, mwambie ni sheria ya mwaka 2015.

Mzee wangu mwenye kofia pale nyuma, swali lako nitalijibu kwenye chai.