Kijana Asiyelewa Ndiye wa Kuogopewa

(Mhadhara kwa wazazi na walimu, Newala, msimu wa korosho)

Mwenyekiti, ahsante. Wazee wangu shikamooni. Walimu, wazazi wenzangu, habari za mchana.

Najua mmekuja kusikia habari za bangi. Kila kikao cha namna hii watu hutaka bangi, kwa sababu bangi huvutwa na mtoto wa jirani. Uraka, pombe ya mabibo, uko nyumbani kwetu. Kwa hiyo naanza na uraka, bangi itasubiri.

Msimu huu mnaujua kuliko mimi. Korosho inatolewa, inaanikwa, inapelekwa ghalani kusubiri mnada. Mabibo yanabaki chini ya mkorosho, na kuyaokota ni kazi ya watoto. Yanakamuliwa asubuhi, maji yanachujwa, yanawekwa kwenye ndoo. Hakuna anayetia hamira; chachu imo kwenye ganda la bibo lenyewe. Kufika jioni povu limepanda. Nani anaonjeshwa kama umekolea? Yule yule aliyeokota. "Onja mwanangu, hii juisi tu."

Haya, tuipigie hesabu hiyo juisi. Maji ya bibo yana sukari kama gramu 10 katika kila mililita 100. Chachu ikishaila sukari yote, uraka unafika kwenye asilimia 5 hivi ya kilevi, yaani bia. Kopo la nusu lita lina gramu kama 20 za kilevi. Baba wa kilo 70 akilimaliza, kilevi kwenye damu yake kinafika karibu asilimia 0.04. Mtoto wa kilo 40, kopo lile lile, anafika karibu 0.07. Karibu mara mbili ya baba yake, na yeye ndiye aliyeambiwa ni juisi. Nipa, ile pombe kali inayokenekwa kutokana na mabibo, siihesabu kabisa, maana nguvu yake anaijua mpishi, na pengine hata yeye haijui.

Hapo ndipo lazima mtu aseme: "Lakini wangu anakunywa na halewi." Anasema kwa fahari, kama vile mtoto amefaulu mtihani. Ndugu zangu, sentensi hiyo ndiyo mhadhara wangu wote.

Mtu mzima akizidisha, mwili unamfungia breki. Macho yanakuwa mazito, miguu inagoma, anatafuta mkeka. Kwa kijana breki hizo bado legevu. Imepimwa kwa panya mara nyingi: kipimo kinachomlaza panya mzima, panya wa umri wa balehe bado anazungukazunguka. Lakini kuna sehemu ndani ya ubongo, usawa wa masikio, inaitwa hipokampasi, ndiyo karani anayeandika kumbukumbu. Kwa yule panya mdogo, karani anaumia zaidi kuliko kwa mkubwa. Unaona mtego ulipo? Kijana amesimama, anacheka, anacheza ngoma, anaomba kopo la tatu, na karani ameshalala zamani. Jumatatu mwalimu anamwita mzembe.

Panya si mtu, nakubali. Na hakuna atakayewanywesha watoto wa watu ili apate uhakika. Lakini Marekani, uchambuzi uliotoka mwaka 1997 uliangalia watu zaidi ya 27,000. Walioanza kunywa kabla ya miaka 15, karibu 4 katika kila 10 waliishia kuwa watumwa wa pombe. Walioanza wakiwa na miaka 20 au zaidi, karibu 1 katika 10. Utaniambia walioanza mapema pengine walikuwa na shida zao tayari, nyumba zisizotulia. Ni kweli kwa sehemu. Basi mtoto mwenye shida zake ndiye wa kuongezewa kopo?

Mwingine anasema: "Sisi tumekunywa tangu utoto na tumekuwa watu." Mmekuwa watu, ndiyo, nyinyi mliofika kwenye kikao. Wale wasiofika hawajaulizwa.

Ninyi wa mikorosho hamhitaji somo refu la ubongo. Mti mchanga una matawi mengi. Unapogolea yasiyo na kazi ili yenye kazi yapate jua. Ubongo wa kijana unafanya hivyo hivyo. Viunganishi visivyotumika vinaondolewa, vinavyotumika vinavishwa utando wa mafuta, kama waya unavyovishwa plastiki, ili taarifa zipite haraka. Kazi hiyo inamalizikia mbele, nyuma ya paji la uso, panapokaa subira na kupima matokeo, na haiishi mpaka miaka kama 25. Ile sehemu ya kutamani imeshachangamka tangu ana miaka 14. Tena mpogoleaji huyu hana maadili: anabakiza kinachotumika. Kila jioni kopo, litabaki tawi la kopo.

Kwa akina mama wanaokamua: ndoo ifunikwe, iwekwe ndani, na mtu mzima ndiye aonje. Mtoto mkamulie bibo, anywe hapo hapo. Na akizima, mlazeni ubavu. Msimmwagie maji, msimtapishe, msimpe kahawa wala maziwa. Mtoto akilewa sukari ya mwilini inaweza kushuka sana, kwa hiyo usiseme "mwache alale." Ukimtikisa haamki, au pumzi hazifiki 8 kwa dakika, ni hospitali, usiku huo huo.

Mazoezi. Mwenyekiti ameshaanza kuangalia saa.

Walimu, hapa ugomvi ni wetu. Mtoto akichelewa, pushapu 20. Akipiga kelele, zunguka uwanja mara tano. Halafu mnamwambia mazoezi ni afya! Ameshajua kwamba kukimbia ni adhabu. Fagio, jembe, chochote, lakini mbio ziacheni.

Shirika la Afya Duniani linataka wenye miaka 5 hadi 17 wapate dakika 60 kwa siku, na siku 3 za wiki ziwe za kuhema hasa. Kipimo hakina mashine: akiweza kuimba huku anakimbia, bado. Akisema maneno mawili matatu kisha avute pumzi, hapo ndipo. Moyo ukienda mbio hivyo ubongo unatoa protini inayostawisha seli za yule karani wetu, hipokampasi. Mbio hazifuti ulevi, asije mtu akasema nimesema. Ila saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni ndio muda ndoo inapofunuliwa. Kijana akiwa uwanjani, hayupo kwenye ndoo. Mradi kocha naye asishangilie goli kwa uraka, maana timu ya namna hiyo ni bora isiwepo. Na wasichana msiwaache wakitazama wenzao. Sindimba ya nusu saa, piga kipimo cha kuimba uone kama kuna atakayeweza.

Ugoro na sigara: ubongo unaojengwa hunaswa na nikotini haraka kuliko uliokwisha kujengwa. Usingizi niliuandalia ukurasa mzima, nauruka.

Bangi. New Zealand walifuatilia watu 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973. Walioanza kabla ya miaka 18 na wakaendelea miaka mingi, akili iliyopimwa ilishuka kama alama 8 kufikia umri wa miaka 38. Baadaye mapacha walipolinganishwa, wengine wakasema sehemu ya tofauti hiyo ni ya familia, si ya moshi. Ubishi huo ni mrefu na nilitaka kuufungua vizuri, lakini kengele imeshalia. Mama wa pale dirishani ameinua mkono tangu nilipotaja juisi. Tuanze na yeye.