Maelekezo ya Video: Kusimamia Uhai wa Faharasa za Elasticsearch Bila Kuzifuta kwa Mkono

Karibuni watazamaji. Katika video hii tutaunda utaratibu unaosimamia faharasa (index), yaani mafungu ya data, za injini ya utafutaji tangu zinapoundwa hadi zinapofutwa, bila mtu kukaa akihesabu siku. Tutatumia Elasticsearch, ambayo tangu toleo la 6.6 la mwaka 2019 ina chombo chake cha kazi hii kiitwacho ILM (Index Lifecycle Management). Wanaotumia OpenSearch, injini iliyotokana na Elasticsearch, watakuta chombo kama hicho kiitwacho ISM (Index State Management). Amri zake ni tofauti, lakini maamuzi tutakayoyafanya hapa yatawafaa pia.

Kabla ya kuandika amri yoyote, amueni data hii itafutwa lini. Wengi huanza na mipangilio ya mwanzo na kuacha ufutaji uwe wa mwisho, ila mimi nashauri kinyume chake, kwa kuwa ufutaji ndio unaotulazimu kuigawa data katika faharasa nyingi. Hati, yaani rekodi za data, zikifutwa mojamoja ndani ya faharasa kubwa, hutiwa tu alama ya kufutwa na huendelea kukaa kwenye diski mpaka sehemu (segments) zilimohifadhiwa ziunganishwe upya. Ikifutwa faharasa nzima, mafaili yake huondolewa moja kwa moja. Kwa mfano wetu, tuseme kumbukumbu za matukio ya mfumo (logs) zinatakiwa kutunzwa kwa siku 90.

Hatua ya kwanza ni kuandika sera. Fungueni ukurasa wa Dev Tools ndani ya Kibana (kiolesura cha wavuti cha Elasticsearch), muandike PUT _ilm/policy/sera-kumbukumbu, kisha muanze na awamu iitwayo hot, yaani ile ambayo faharasa bado inapokea data mpya. Humo tunaweka tendo la rollover, linalofungua faharasa mpya ya kuandikia pindi iliyopo inapotimiza sharti mojawapo. Sisi tunaweka masharti mawili: max_primary_shard_size iwe 50gb na max_age iwe 7d. Kipimo cha kwanza kinahusu vipande (shards) ambavyo faharasa hugawanywa ndani yake. Watengenezaji wanapendekeza kila kipande kiwe kati ya GB 10 na GB 50, kwa sababu vipande vidogo vikizidi huilemea kumbukumbu (RAM) ya klasta, yaani kundi la seva zinazoendesha Elasticsearch, na kipande kikubwa mno huchukua muda mrefu kuhamishwa nodi moja, yaani seva mojawapo, inapoanguka. Kumbukeni pia kwamba, pasipo kubadilisha mipangilio, klasta huruhusu jumla ya vipande 1,000 kwa kila nodi ya data na hukataa kuunda vingine jumla hiyo ikifikiwa.

Hapa naomba mtulie kidogo, maana ndipo hesabu za wengi zinapoharibika. Faharasa ikishapitia rollover, umri unaoandikwa kama min_age katika awamu zinazofuata huhesabiwa kuanzia wakati wa rollover, wala si tangu faharasa ilipoundwa. Kwa hiyo, tukiandika kwamba ufutaji ufanyike baada ya 90d, hati iliyoingia siku ya kwanza ya faharasa inaweza kuishi hadi siku 97. Kama tungeweka max_age ya siku 30, hati hiyo ingeweza kufika siku 120. Ikiwa kuna sheria au mkataba unaokataza kuvuka siku 90, punguzeni min_age ya ufutaji iwe 83d.

Awamu ya pili, iitwayo warm, tunaipa min_age ya 2d. Ndani yake tunaweka shrink, inayopunguza idadi ya vipande, na forcemerge yenye max_num_segments ya 1, inayounganisha sehemu za ndani ya kila kipande ili utafutaji uwe mwepesi. Kama faharasa yenu ina kipande kimoja tangu mwanzo, iacheni shrink kabisa, kwani haitawasaidia chochote. Awamu za cold na frozen nazo zipo, lakini sioni sababu ya kuziweka pale ambapo nodi zote zina diski za aina moja. Malizieni na awamu ya delete, min_age yake ikiwa 90d.

Hatua ya pili ni kuifungamanisha sera na data. Tengenezeni kiolezo (template) kwa PUT _index_template/kumbukumbu-mfumo, muweke ruwaza ya majina kumbukumbu-mfumo*, muongeze data_stream iliyo tupu ili data ihifadhiwe kama mkondo, yaani mfululizo wa faharasa chini ya jina moja, na katika mipangilio muandike index.lifecycle.name yenye jina la sera yetu. Kila hati itakayoingia katika mkondo lazima iwe na uga wa @timestamp. Kiolezo hiki hakizigusi faharasa zilizokwisha kuundwa. Hizo za zamani zipeni sera nyingine isiyo na rollover, ama sivyo zitakwama zikidai lakabu (alias) ambayo hamkuiweka.

Hatua ya tatu ni majaribio. ILM hukagua masharti kila baada ya dakika 10, kwa hiyo msishangae hati zikiingia na kusiwe na kinachotokea papo hapo. Kwenye klasta ya majaribio pekee, shusheni indices.lifecycle.poll_interval hadi sekunde 10, muweke max_docs ndogo na umri wa dakika chache, kisha muitazame faharasa ikipita awamu zote hadi ifutwe. Mkimaliza, rudisheni thamani za awali.

Baada ya hapo, chombo mtakachokitegemea ni GET kumbukumbu-mfumo/_ilm/explain, kinachoonyesha kila faharasa iko awamu gani, tendo gani na hatua gani. Ikionekana ERROR, someni maelezo ya kosa, ondoeni chanzo chake, ndipo mtumie amri ya _ilm/retry kwa faharasa husika. Kuna ukwamaji mwingine usiotoa kosa lolote: shrink huhitaji nakala ya kila kipande cha faharasa ikusanyike kwenye nodi moja, na isipopatikana nodi yenye nafasi ya kutosha, faharasa itaendelea kusubiri. Wakati huohuo diski zinajaa, na nodi ikifika asilimia 95 Elasticsearch huzuia uandishi katika faharasa zenye vipande kwenye nodi hiyo. Wekeni tahadhari ya diski mapema kuliko hapo.

Mkibadilisha sera baadaye, na mabadiliko yasiweze kutumika kwa usalama katika awamu inayoendelea, faharasa huimalizia awamu hiyo kwa maelekezo ya zamani, na mabadiliko huanza kutumika inapoingia awamu inayofuata. Toleo la sera ambalo kila faharasa inalifuata limeandikwa katika majibu yaleyale ya explain, chini ya phase_execution.