Kubadilishana Hakuna Chenji: Namna ya Kuchagua na Kutunza Akiba ya Vitu

Karibuni watazamaji wa Arusha, Moshi na kokote mlipo. Mezani hapa kuna chumvi, miche ya sabuni, viberiti, sindano, na ndoo mbili za lita 20 zenye mifuniko inayobana. Ni akiba ya kuanzia, ya kubadilishana siku barabara ikikatwa na mvua, miamala ya simu ikisimama, au rafu za duka zikibaki tupu.

Waulizeni wazazi wenu kuhusu mwanzo wa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera. Vilivyosakwa usiku na mchana ni sabuni, sukari, mafuta ya kula na khanga, vitu ambavyo kila nyumba inatumia kila siku. Mwanzoni mwa 2024 mvua zilizuia uvunaji wa miwa, sukari ikaadimika nchi nzima, na hata Moshi yenye kiwanda pale Arusha Chini bei ilipanda. Kwa hiyo msichague kwa kuangalia thamani ya kitu dukani. Angalieni kinachoisha upesi nyumbani kwa jirani.

Kabla hujanunua, kipitishe kila kitu kwenye maswali matatu. Kitakaa mwaka bila kuharibika? Wewe mwenyewe utakitumia kama dharura haikuja? Kinagawanyika vipande vidogo? Hili la tatu ndilo watu wengi hulisahau. Kwenye kubadilishana hakuna chenji. Ukiwa na kiroba cha kilo 25 cha sukari na mwenzako ana mkungu mmoja wa ndizi, mtaachana mikono mitupu, au utampa nyingi kuliko ulivyotaka.

Tuanze na sabuni. Nunua miche ikiwa bado laini. Jumla utaipata Mbuyuni kwa Moshi, au Kilombero kwa Arusha. Usiikate kwa kisu, maana mche uliokauka kidogo tu hupasuka na kumeguka pembeni. Chukua waya mwembamba au uzi wa nailoni, uzungushe kwenye mche, uvute taratibu. Tazama hapa: uso wa kipande umekuwa laini, hakuna chenga zilizoanguka. Kata vipande sita vinavyolingana. Vipange juu ya chekecheke au wavu, viachane kidogo, kivulini penye upepo, wiki tatu hadi nne. Sabuni mpya ina maji mengi ndani. Ikikauka inakuwa ngumu na haiishi haraka kwenye beseni. Itapungua uzito pia, kwa hiyo badilishana kwa kuhesabu vipande, usipime kwa mizani.

Na tafadhali, sabuni usiiweke ndoo moja na unga au majani ya chai. Majani ya chai hunyonya harufu upesi sana, na hayo hayarudi tena kuwa chai.

Chumvi ni rahisi zaidi, haiozi. Adui yake ni unyevu, na kule juu Marangu, Machame na Kibosho unyevu upo karibu mwaka mzima. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, basi tumia chupa za maji za nusu lita. Zioshe, zigeuze midomo chini, ziache siku mbili zikauke kabisa. Tone moja likibaki ndani, chumvi inaganda shingoni na haitoki. Kunja karatasi kama ile ya kufungia karanga, mimina, gongagonga chupa mezani, jaza tena. Chupa moja inabeba karibu gramu 600 za chumvi, au gramu 400 na ushee za sukari. Usitumie makopo ya bati, chumvi inayala. Chumvi yenye madini joto hupoteza madini hayo taratibu, kwa hiyo ya zamani itangulie jikoni na mpya iingie akiba.

Viberiti weka kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, pamoja na kiganja cha mchele uliokaangwa mkavu ukapoa; mchele utanyonya unyevu. Viberiti vya gesi ni vizuri, ila visilaliwe na vitu vizito. Kitufe kikibanwa, gesi yote inavuja na unabaki na plastiki.

Sindano wengi huzidharau. Fundi cherehani aliyevunja sindano ya mwisho hana kazi, hata kama vitambaa vimejaa. Weka za mkono, za cherehani namba 14 na 16, na chache za kushonea magunia. Zichomeke kwenye kitambaa kilichopakwa mafuta ya mgando kidogo, zisishike kutu. Ongeza viwembe, misumari ya inchi tatu, pedi, na viraka vya baiskeli. Gundi ya viraka nunua mirija midogo mingi, kwa sababu mrija ukishafunguliwa hukauka.

Mahindi yananunuliwa baada ya mavuno, bei ikiwa chini. Pima ukavu kwanza. Weka mahindi theluthi moja ya chupa kavu, ongeza kijiko cha chumvi kavu, tikisa dakika tatu, subiri robo saa. Chumvi ikiganda ubavuni mwa chupa, mahindi bado ni mabichi; yarudishe juani. Ukiyafunga hivyo yataota ukungu, na ukungu wa mahindi una sumu isiyotoka kwa kupika.

Vipo vya kuacha. Petroli usiweke ndani ya nyumba. Mafuta ya taa yasikae kamwe kwenye chupa ya soda wala ya maji, watoto hunywa. Mafuta ya kula weka ya miezi michache tu, gizani, maana huchacha. Vidonge vya malaria na vya kuua bakteria visiwe bidhaa ya kubadilishana: anayepewa nusu dozi anadhurika. Paketi za chumvi za kuongeza maji mwilini ni sawa, kila moja na kipimo chake cha maji safi kilichoandikwa.

Kwa familia ya watu watano, jaza kwanza mahitaji yenu ya mwezi mmoja. Juu yake ongeza chupa 15 za chumvi, vipande 36 vya sabuni, viberiti 40, sindano 30. Ongeza kidogo kila ukienda sokoni. Usikimbilie kununua bidhaa ikiwa tayari imeadimika, utawaumiza majirani walewale utakaowahitaji.

Sasa chukua daftari. Andika bei za leo, kisha gawanya: kipande cha sabuni ni sawa na mahindi kiasi gani? Sado moja ya lita nne inabeba kama kilo tatu za mahindi, basi andika robo sado, nusu sado. Siku ya shida hutakisia, wala hutamwonea mtu.

Ndoo zikae juu ya mbao, mbali na ukuta, mwezi na mwaka vimeandikwa kwenye mfuniko. Mtu akija kubadilishana, toa kipande alichoomba tu, ndoo ibaki ndani. Kikitoka, kifute daftarini siku hiyohiyo.